Jumba la Maonyesho na Wenye Daftari Lake

Barabara iitwayo leo Harry Thuku, katika jiji la Nairobi, ni fupi kuliko jina kubwa ililopewa, lakini katika ufupi wake imekusanya mambo ambayo miji mingine huyatawanya. Ipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904 kwa ajili ya walowezi na wawindaji. Kipo Chuo Kikuu. Ipo nyumba ya utangazaji wa taifa. Na, likielekeana na hoteli hiyo, limesimama Jumba la Taifa la Maonyesho, pamoja na Kituo cha Utamaduni ambacho jumba hilo ni sehemu yake. Jengo lenyewe si refu wala si la kutisha, na mpita njia asiyejua habari zake aweza kulidhania kuwa ni afisi ya serikali iliyojengwa na mtu mwenye haya. Naiandika historia yake kwa sababu ya jambo moja ambalo wenye kubuni majumba ya sanaa hulisahau aghalabu, nalo ni kwamba jumba la michezo hujengwa mara mbili: mara ya kwanza na waashi, na mara ya pili na yule ashikaye daftari la nafasi, akaamua ni nani atakayepewa usiku upi, kwa kodi gani, na mchezo wa lugha ipi. Ujenzi wa kwanza wa jumba la Nairobi ulimalizika mwaka 1952. Ule wa pili ulichukua umri wa mtu mzima, na katika muda huo watu walifungiwa mlango, wengine wakatiwa kizuizini, na kijiji kimoja kikabomolewa kazi ya mikono yake.

Mahali lilipowekwa jumba hapakuwa patupu katika kumbukumbu za wenyeji. Tarehe 16 Machi 1922, umati wa Waafrika ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu na hoteli, ukidai afunguliwe Harry Thuku, mtumishi wa simu katika hazina ya serikali, aliyekamatwa siku mbili kabla kwa kuongoza upinzani dhidi ya kipande cha utambulisho na kazi za kulazimishwa. Askari walipiga risasi. Hesabu ya serikali ilitaja maiti 21, walioshuhudia wakataja zaidi ya hapo, na yasemekana tangu siku ile kwamba walowezi waliokuwa wamestarehe katika baraza ya hoteli walishiriki katika kupiga. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyekuwa amewasuta wanaume kwa kusitasita kwao. Wale waliochagua uwanja wa jumba la michezo, miaka isiyotimia thelathini baadaye, ama hawakuitia habari hiyo katika mizani yao, ama waliitia wakaiona nyepesi.

Isidhaniwe kwamba nchi ilikuwa ikingoja jumba ndipo ijue kuigiza. Mwambao ulikuwa na jadi yake ya maonyesho isiyohitaji dari. Ngoma ya beni, iliyozuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, kisha ikasafiri hadi bara pamoja na makarani na askari, ilikuwa na vyeo vyake, sare zake, wafalme wake wa kubuni, na mashindano ambayo mitaa iliyazungumza muda mrefu kabla ya siku yenyewe kuwadia na muda mrefu baada ya kupita. Lelemama ya kina mama wa Mombasa kadhalika ilikuwa na vyama, na mahasimu, na gharama za kushindana ambazo waume walizilalamikia kimyakimya. Huko Nairobi, mitaa ya mashariki waliyotengewa Waafrika, kama vile Pumwani na Kaloleni, ilikuwa na kumbi zake za starehe, ambamo dansi, harusi na mikutano ya siasa vilipokezana zamu chini ya paa moja, wala haikuonekana ajabu kwamba sakafu iliyochezewa rumba Jumamosi ikasimamiwa na mwanasiasa Jumapili. Anayetaka kujua jinsi onyesho linavyotangazwa Afrika Mashariki asianze na mabango ya ukutani. Aanze na habari ya ngoma inavyopita mlango kwa mlango, na mtaa mmoja ukaapa kwamba mtaa wa pili hautaushinda.

Wazo la jumba la taifa lilitoka kwingine. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, British Council, shirika la Uingereza lenye kazi ya kueneza utamaduni wa nchi hiyo, lilileta shughuli zake Afrika Mashariki, na mwakilishi wake, Richard Frost, ambaye baadaye alitunga kitabu juu ya siasa na mahusiano ya watu wa Kenya kabla ya uhuru, alikuwa miongoni mwa walioushikilia mpango huu. Muradi wao ulikuwa kwamba, katika mji ambao hoteli, hospitali, shule na hata vyoo viligawanywa kwa rangi ya ngozi, pawe na mahali pamoja ambapo Mzungu, Mhindi na Mwafrika wataketi safu moja kwa sababu ya kupenda sanaa, na wakiisha kuketi pamoja watajifunza kuheshimiana. Nia hiyo haifai kuchekwa kwa wepesi. Katika Kenya ya 1950 ilikuwa ni nia ya ujasiri, na walikuwapo walowezi wengi walioichukia. Lakini ilikuwa na chujio ndani yake: waliotazamiwa kukutana humo walikuwa ni watu wenye elimu na cheo, na ilidhaniwa kwamba wema wao ungeteremka polepole kwa walio chini, mpaka uwafikie watumishi wa majumbani na wachukuzi wa mizigo. Sheria ya kuanzisha Kituo cha Utamaduni ilipitishwa mwaka 1951, na uongozi ukakabidhiwa baraza ambalo lilikuwa na mamlaka juu ya jumba, na kwa hiyo juu ya daftari.

Chujio hilo lilionekana hata katika umbo la jengo. Uwanja ulichaguliwa karibu na hoteli ya mabwana na njia za kwendea vitongoji vya magharibi, ambavyo watu wake walikuwa na motokaa. Aliyekaa Kaloleni alikuwa na mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu, na kurudi vilevile, usiku. Ukumbi wenyewe, wenye nafasi ya watu wasiofika 500, ulifuata desturi ya Kiingereza: jukwaa lililotiwa ndani ya fremu kama picha ya ukutani, pazia mbele yake, na viti vilivyokazwa kwa safu vikitazama upande mmoja. Jukwaa la namna hiyo lina adabu zake, na humfundisha kila aingiaye: taa zikizimwa, nyamaza, ukifurahi, ngoja, ukitaka kuitikia, jizuie mpaka mwisho. Kwa michezo iliyoandikwa kwa ajili yake hakuna lawama. Kwa ngoma ambayo mzunguko wa watazamaji ndio ukuta wake, na ambayo mtazamaji huingia uwanjani akatunza na kutoka, jukwaa hilo ni kifungo. Sisemi kwamba mchoraji alikusudia hivyo. Nadhani alichora alichokijua.

Jumba lilifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952, na aliyepewa heshima ya kulifungua alikuwa Sir Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa London. Kwa mtu wa matangazo lilikuwa chaguo la busara, kwa kuwa jina lake lilitosha kuyajaza magazeti ya walowezi. Lakini majuma mawili na ushei kabla ya hapo, tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring alikuwa ametia sahihi tangazo la Hali ya Hatari, na usiku uleule Jomo Kenyatta na wenziwe wakakamatwa. Hivyo nyumba iliyokusudiwa kuzikutanisha kaumu ilifunguliwa katika nchi iliyoanza kuzitenga kwa bunduki na seng'enge. Maonyesho ni mambo ya usiku, na usiku wa Mwafrika wa Nairobi katika miaka iliyofuata haukuwa mali yake: palikuwa na amri za kutotembea, vibali, na misako, na Aprili 1954 jeshi lililizunguka jiji zima katika msako ulioitwa Anvil, likawachukua maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru hadi kambini. Hata kama mlango wa jumba ulikuwa wazi kwa rangi zote, kama ilivyotangazwa, njia ya kuufikia ilikuwa imefungwa.

Waliolitumia jumba kwa wingi katika miaka hiyo walikuwa ni vyama vya wapenzi wa michezo vya Wazungu, kwa vichekesho vya London na nyimbo za jukwaani, ijapokuwa wenye kuitafuta sanaa hiyo kwa bidii zaidi walikuwa na mahali pengine pa kwenda: Donovan Maule na mkewe, waigizaji waliohamia Kenya baada ya vita, walikuwa wameanzisha jumba lao wenyewe. Kiswahili nacho kilikuwa kikijitafutia jukwaa, lakini mbali na barabara hii. Graham Hyslop, Mwingereza aliyependa muziki na lugha ya nchi, alitunga Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Na wanafunzi wa Shule ya Alliance, Kikuyu, wakaanza kutunga ya kwao. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini, Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na michezo hiyo ikaigizwa shuleni na katika kumbi za starehe za watu wa kawaida, hata wa Kuria ukafika Nakuru, kati ya mashamba ya walowezi. Wahakiki wa siku hizi huiona kuwa myepesi, na kweli mingi yake ni visa vya mahari, ulevi na hila za mjini. Mimi naiona kwa jicho jingine: ilitungwa na vijana waliojua watazamaji wao ni akina nani, jambo ambalo jumba la taifa, pamoja na fedha zake, lilikuwa halijalijua.

Kampala ilifuata mfano wa Nairobi mwaka 1959, ikajenga jumba lake la taifa katikati ya mji, na bahati yake ikawa nzuri zaidi. Chuo cha Makerere kilikuwa karibu, chenye wanafunzi wa Afrika Mashariki yote waliokuwa na hamu ya kuandika. Na Novemba 1962, Uganda ilipokuwa bado katika shangwe za uhuru, wanafunzi hao walipanda jukwaa hilo kuuonyesha The Black Hermit, mchezo wa kijana Mkenya ambaye alijulikana baadaye kwa jina la Ngugi wa Thiong'o. Mkenya huyo, basi, alipata jumba la taifa la jirani kabla ya kulipata la kwao.

Uhuru wa Kenya ulipokuja Desemba 1963, bendera ilibadilika kwa usiku mmoja, daftari halikubadilika. Baraza la jumba liliendelea kwa miaka mingi kuwa na wajumbe wageni wenye sauti kubwa, na mazoea ya kukodisha ukumbi yakabaki palepale: vikundi vilivyozoeleka vilijua njia ya kuweka nafasi zao mapema, na vikundi vipya vilikuta mwaka umekwisha kugawanywa. Wasanii wa Kiafrika walijitafutia penginepo. Mwandishi Ezekiel Mphahlele, aliyekuwa uhamishoni kutoka Afrika Kusini, alianzisha kituo cha sanaa cha Chemchemi mwaka 1963, na Elimo Njau na wenziwe wakafungua jumba la sanaa la Paa ya Paa mwaka 1965. Serikali nayo ikaanzisha Bomas of Kenya mwaka 1971, pembeni mwa jiji, ili ngoma za makabila zionyeshwe kwa watalii. Na kwa kadiri ya umbo, ukumbi wake mkubwa wa duara uliielewa ngoma vizuri kuliko jumba la taifa lilivyoielewa, ijapokuwa ngoma yenyewe ilikuwa imekatwa vipande vya kumtosha mgeni mwenye ndege ya kesho.

Mambo yalipasuka mwaka 1976. Kenya ilikuwa imealikwa katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, lililokuwa lifanyike Lagos mapema mwaka uliofuata, na michezo miwili ilichaguliwa kuiwakilisha: The Trial of Dedan Kimathi, juu ya yule kiongozi wa wapigania uhuru, wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, chini ya mwelekezi Seth Adagala, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, chini ya mwelekezi Tirus Gathwe. Ilionekana ni haki tena ni adabu kwamba michezo itakayokwenda Lagos kwa jina la taifa ionyeshwe kwanza nyumbani, katika jumba la taifa, mwezi wa Oktoba, ambao Wakenya huwakumbuka mashujaa wao. Jibu lililotoka lilikuwa kwamba daftari limejaa: kulikuwa na ngoma za ballet kutoka Ufaransa, na kichekesho cha nyimbo juu ya mambo ya Roma ya kale. Wenye michezo wakalalamika, magazeti yakayachukua malalamiko, wakubwa wakaingilia, na mwisho wake Wakenya wakakatiwa siku chache katikati ya wageni.

Ningependa kusimama hapa kidogo, kwa sababu wengi waliosimulia habari hii wameona ndani yake hila tu. Hila huenda ilikuwapo. Lakini mtu aliyewahi kufanya kazi katika ukumbi wowote wa kukodishwa anajua kwamba daftari lina dhuluma yake isiyohitaji mtu mbaya. Mwenye fedha za arubuni hutangulia. Mwenye mazoea hukumbukwa. Aliyekuwapo mwaka jana hupewa kwanza mwaka huu. Na kila mmoja wa wasimamizi anaweza kuapa kwa dhamiri safi kwamba amefuata utaratibu. Utaratibu uliowekwa kwa ajili ya kaumu moja huendelea kuitumikia kaumu ile hata baada ya walioubuni kupanda meli na kurudi kwao. Kwa hiyo kosa la 1976 liliwekwa msingi wake mwaka 1951, katika sheria isiyosema popote jumba liitwalo la taifa lina deni gani kwa taifa.

Na hakuna bango lililowahi kuutangaza mchezo katika Nairobi kama ugomvi ule ulivyoitangaza miwili hii. Watu waliokuwa hawajui kwamba jiji lina jumba la namna hiyo walifika, ukumbi ukajaa, na kwa masimulizi ya Ngugi mwenyewe watazamaji wa mchezo wa Kimathi waliungana na waigizaji kuimba na kucheza hadi nje barabarani, kuelekea upande wa ile hoteli. Jukwaa la fremu lilikuwa limevunjwa bila nyundo.

Mwaka uliofuata, Ngugi na wenziwe walifanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo darasa kubwa kuliko yote katika usanifu wa majumba ya michezo Afrika Mashariki. Katika kijiji cha Kamiriithu, huko Limuru, kilichozaliwa kwa amri ya Hali ya Hatari watu walipokusanywa kwa nguvu kutoka mashambani mwao, palikuwa na kituo cha elimu ya watu wazima chenye uwanja mtupu. Wanakijiji waliamua kujenga jukwaa. Vijana waliunda kwanza mfano wake kwa njiti za viberiti, wakaujadili, kisha wakauinua ukubwani kwa mikono yao: uwanja usio na paa, wenye viti vya watu zaidi ya 2,000, jukwaa lisilotenga kwa ukuta anayeigiza na anayetazama. Mchezo ulikuwa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii kwa Kikuyu, lugha ya kijiji, na kuelekezwa na Kimani Gecau.

Namna walivyoutangaza ingestahili kusomwa na kila mwenye jumba jipya. Mazoezi hayakufanywa kwa siri, kama ilivyo desturi ya jukwaa lenye pazia. Yalifanywa uwanjani, mbele ya yeyote apitaye, na wapitao walikuwa wafanyakazi wa kiwandani, vibarua wa mashamba ya chai, wakulima na wazee waliokumbuka vita. Hao hawakunyamaza. Walisahihisha maneno yasiyosemwa na mtu wa umri ule, walikosoa jinsi kibarua anavyosimama mbele ya bwana wake, waliongeza nyimbo zilizosahauliwa na watunzi; na siku baada ya siku idadi yao ikaongezeka. Mchezo ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 haukuhitaji kuelezwa kwa mtu, maana kijiji kizima kilikuwa kimeutunga. Serikali iliufutia kibali tarehe 16 Novemba, baada ya majuma yasiyofika saba, na mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila mashtaka, akakaa humo karibu mwaka mmoja.

Watu wa Kamiriithu walirudi tena, na safari hii walikuja mjini. Februari 1982 walikuwa wauonyeshe mchezo mwingine, Maitu Njugira, katika jumba la taifa. Kibali hakikutolewa, na walipofika wakakuta milango imefungwa na polisi wapo. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu, ng'ambo ya barabara, wakaendelea na kile walichokiita mazoezi, na kwa muda wa siku zipatazo kumi mazoezi hayo yakatazamwa na maelfu, wengi wao wakija kwa mabasi kutoka mbali, mpaka huko nako wakafukuzwa. Mwezi wa Machi kituo cha Kamiriithu kilipigwa marufuku, askari wakapelekwa, na jukwaa la wanakijiji likabomolewa hadi chini.

Jumba la mjini halikubomolewa. Lilichakaa, ambalo ni jambo jingine: viti vikararuka, taa zikapungua, na vikundi vyenye uwezo vikapendelea kumbi za mashirika ya kigeni, ambazo zilikuwa na viyoyozi na wasimamizi wenye kujibu barua. Matengenezo makubwa yalifanywa kwa msaada wa fedha za wafanyabiashara, na Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akalifungua upya. Mei 2022 mchezo uliopigwa marufuku Limuru, Ngaahika Ndeenda, ulipanda jukwaa hilo kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, na miongoni mwa walioutazama walikuwemo vijana ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa ulipofutiwa kibali.

Lakini walioufundisha ukumbi kujaa mara kwa mara katika miaka ya karibuni si mashujaa wa hadithi hii. Ni vikundi vya waigizaji wa vitabu vilivyowekwa kwa mitihani, ambavyo kwa nyakati mbalimbali vimetayarisha Mstahiki Meya na Bembea ya Maisha za Timothy Arege, au Kigogo ya Pauline Kea, kwa ajili ya watahiniwa wa shule za sekondari, na huonyesha palipo na nafasi, katika kumbi za mjini na katika mabwalo ya shule. Wasomi wa tamthilia huwadharau kwa haraka ya mazoezi yao na kwa kelele za watazamaji wao, ambao huitikia, hucheka kabla ya wakati, na huwasuta waovu jukwaani kwa majina. Kwa Kiswahili, hata hivyo, wamefanya ambalo halikufanywa na baraza lolote. Na hawagombanii na mtu Ijumaa usiku, kwa kuwa wateja wao hufika kwa mabasi ya shule saa tatu asubuhi, saa ambayo waliolichora jumba hilo waliiacha kwa ajili ya kufagia.